Guangzhou: Vidole, Kalkuleta na Chai

Guangzhou ni makao makuu ya jimbo la Guangdong, kusini mwa China, kwenye kingo za mto Zhujiang. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 18. Katika maduka ya Kariakoo, Eastleigh na Kikuubo jina la mji huu limezoeleka kama jina la mtaa wa jirani, kwa sababu huko ndiko wengi wanakonunua nguo, viatu, taa, vigae na vipuri vinavyojaza makontena ya kurudi nyumbani. Maonyesho makubwa ya biashara ya Canton, yaliyoanza mwaka 1957, hufanyika hapo mara mbili kila mwaka, msimu wa Aprili na msimu wa Oktoba. Mji wenyewe ulizoea wageni zamani: Waarabu na Waajemi walikuwa wakitia nanga hapo tangu enzi za watawala wa Tang, na msikiti wa Huaisheng, wenye mnara mweupe wa mita 36 hivi, ni mmoja wa misikiti mikongwe kabisa nchini China.

Lugha kuu za mji ni mbili. Kimandarini, ambacho Wachina wenyewe hukiita "putonghua", ni cha shule, ofisi na serikali. Kikantoni ni cha nyumbani, cha gengeni na cha meza ya chai. Wauzaji wengi wa masoko ya jumla wamehamia kutoka mikoa mingine, kwa hiyo anayejua Kimandarini kidogo hahangaiki. Kiingereza kipo kwenye hoteli kubwa na kumbi za maonyesho. Madukani kinaishia kwenye bei, rangi na saizi, na mara nyingi hakifiki hata hapo. Mgeni anaweza kufanya biashara nzima bila sentensi moja iliyonyooka, mradi namba zake ziwe sahihi na ajue "sawa" aliyoambiwa ni ya aina gani. Wengi wanaorudi na malalamiko walikwama kwenye mojawapo ya hayo mawili.

Maandalizi huanzia kwenye simu. WhatsApp, Google, Facebook, Instagram na YouTube zimefungwa katika mtandao wa China. Abiria anayeshuka uwanja wa Baiyun, akaunganisha Wi-Fi ya uwanja na kuwaandikia wa nyumbani kwamba amefika salama, ataukuta ujumbe wake umebaki na alama ya saa, bila tiki hata moja. Laini ya nyumbani ikiwa imefunguliwa rominga kwa kawaida hupita, kwa kuwa data yake husafirishwa kwanza hadi kwenye mtandao wa nchi ilikotoka, ila bando lake ni ghali. Laini ya China husajiliwa kwa pasipoti na ni rahisi, lakini inamfungia mgeni ndani ya ukuta uleule. Wengi hubeba zote mbili.

Mawasiliano yote ya Wachina, ya undugu na ya biashara, yako kwenye WeChat, ambayo kwao huitwa Weixin na ilizinduliwa mwaka 2011. Muuzaji hatoi namba ya simu; anageuza kioo chake chenye msimbo wa QR ili mteja auchanganue. Akaunti ifunguliwe mapema, mgeni akiwa bado nyumbani, maana mara nyingine programu humdai mtumiaji mpya athibitishwe na mtu mwenye akaunti ya siku nyingi, na mtu huyo hapatikani kwa urahisi saa sita ya usiku kwenye ukumbi wa mizigo. Ndani ya WeChat kuna kitufe cha kutafsiri ujumbe ulioandikwa. Ujumbe wa sauti, ambao wafanyabiashara wa kwetu wanaupenda sana, unamfaa Mchina mwenzake. Kwa mgeni ni afadhali maandishi, tena sentensi fupi, zisizo na methali wala utani. "Mzigo uko njiani?" hutafsirika vizuri. "Vipi, mambo yanasemaje huko?" hurudi likiwa swali la ajabu. Jambo dogo la kuangalia ni kile kikaragosi cha uso wa manjano wenye tabasamu jembamba: kwa vijana wengi wa Kichina hicho ni cha dharau, karibu sawa na kumwambia mtu "haya bwana, umeshinda". Kidole gumba kilichoinuliwa hakina shida.

Malipo nayo yako kwenye simu. Mtu aliyelelewa na M-Pesa hatashangaa, ila utaratibu ni mwingine: hapigi namba ya duka, anachanganua msimbo. Tangu 2023 mgeni anaweza kuunganisha kadi yake ya Visa au Mastercard kwenye Alipay na WeChat. Dukani kuna njia mbili, ama mteja achanganue karatasi iliyobandikwa kaunta, ama muuzaji amchanganue mteja kwa mashine. Keshia akiinua kifaa kinachofanana na bastola ya plastiki na kusema "sao yi xia", anaomba aoneshwe msimbo wa kulipia. Noti kisheria zinapokelewa, na ya juu kabisa ni ya yuan 100, lakini muuza viazi vitamu vya kuchoma anaweza kukosa chenji siku nzima. Katika mazungumzo yuan huitwa "kuai".

Ramani za Google zikikosekana, wenyeji hutumia Gaode au Baidu. Dereva wa teksi hasaidiwi na jina la hoteli lililoandikwa kwa herufi za Kilatini. Kadi ya hoteli yenye maandishi ya Kichina ndiyo inayomfikisha mtu, na itunzwe pamoja na pasipoti. Pasipoti yenyewe hubebwa mwilini, kwa kuwa sheria inamtaka kila mgeni aliyetimiza miaka 16 awe nayo, na polisi huiomba mara kwa mara katika mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli wanakokusanyika Waafrika. Kila mgeni pia anapaswa kuandikishwa polisi ndani ya saa 24 tangu afike. Hoteli hufanya hivyo yenyewe inapopiga nakala ya pasipoti mapokezi. Anayelala kwa ndugu au rafiki aende naye kituo cha polisi cha mtaa, na hapa wengi huzembea, wakaja kukumbuka wanapoomba kuongezewa siku za viza.

China nzima hutumia saa moja, iliyo mbele ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tano. Saa tatu asubuhi ya Guangzhou, kwa kuhesabu kwa Kiswahili, ni saa kumi alfajiri ya Dar es Salaam. Ila Mchina huihesabu saa kama Mzungu, kuanzia usiku wa manane, na hiyo saa tatu kwake ni saa tisa. Miadi iandikwe kwa tarakimu, 9:00, na kufika dakika kumi kabla ni heshima.

Maneno ya Kichina yanayoandikwa kwa herufi za Kilatini yana kanuni zake. Herufi "x" husikika karibu na "sh", "q" karibu na "ch", "zh" karibu na "j", na "c" ni "ts". Kwa hiyo Guangzhou hutamkwa "Guangjou", na shukrani ya "xiexie" ni "shieshie". Kazi kubwa iko kwenye kiimbo. Kimandarini kina toni nne, Kikantoni kina sita, na neno hubadilika maana kwa sauti kupanda au kushuka. Mfano unaomhusu mfanyabiashara moja kwa moja ni "mai": sauti ikizama kisha ikainuka maana yake ni kununua, ikiporomoka kwa ghafla ni kuuza. Mswahili ana tabia ya kukaza silabi ya pili kutoka mwisho katika kila neno, na tabia hiyo huvuruga toni zote. Anayezungumza Kikuyu, Kijaluo au Kinyarwanda nyumbani ana nafuu, kwani masikio yake yameshazoea lugha za toni. Aige wimbo wa neno kabla ya herufi zake.

Salamu ya Kimandarini ni "ni hao", ya Kikantoni "nei hou", na asubuhi Mkantoni husema "jou san". Zinakwisha hapo. Hakuna habari za nyumbani, za watoto, za tangu juzi, na mgeni aliyezoea kusalimiana kwa dakika tatu asidhani amepuuzwa. Ipo salamu nyingine ya zamani, "umeshakula?", ambayo kwa Kimandarini ni "chi le ma". Si mwaliko. Jibu ni kwamba nimekula, hata kama tumbo linanguruma.

Kikantoni kina "asante" mbili, na anayezitofautisha hupendwa mara moja. "M goi" ni ya huduma: mtu amekupisha kwenye lifti, amekumiminia chai, amekuonesha njia. Hutumika pia kuomba, kama "tafadhali", na hata kumwita mhudumu. "Do je" ni ya zawadi au ya fedha: umepewa kitu kikawa chako. Kumwambia "m goi" mtu aliyekupa zawadi ni kama kumlipa mjomba nauli.

Neno moja linahitaji tahadhari ya peke yake. Wazungumzaji wa Kimandarini wanapotafuta la kusema huvuta maneno kwa "neige, neige", yaani "hiyo… hiyo…", kama sisi tunavyosema "nanihii". Katika sikio la mgeni mweusi linafanana mno na tusi la kibaguzi la Wamarekani. Watu wamewahi kukunjiana mashati kwa ajili ya kitu kisichokuwapo. Muuzaji anayenyooshea kidole rafu ya viatu huku akisema "neige" anaonesha viatu.

Namba ndizo roho ya safari. Nne ni "si", kumi ni "shi", na watu wa kusini wengi hawaitofautishi "s" na "sh": zote hutoka "si". Arobaini na kumi na nne basi zinaweza kusikika kama ndugu mapacha. Kwa sababu hiyo masoko ya Guangzhou huzungumza kwa kalkuleta. Muuzaji anabonyeza 45, anaigeuza mashine. Mnunuzi anafuta, anabonyeza 25, anairudisha. Muuzaji anacheka, anashika kifua kama aliyechomwa mwiba, anabonyeza 40. Hakuna aliyefungua kinywa, na kila mtu ameelewa.

Mahali ambapo hakuna kalkuleta hutumika vidole, kwa kawaida vya mkono mmoja. Moja hadi tano ni kama kwetu. Sita ni gumba na kidole kidogo vilivyonyooshwa, vingine vimekunjwa, ishara ambayo Mswahili huidhania "nipigie simu". Saba ni gumba, shahada na cha kati vilivyokutanishwa ncha, kama mtu anayefinya chumvi. Nane ni gumba na shahada vilivyotanuliwa mfano wa bastola. Wengi wa wageni huiona mbili, wakafurahia bei ya yuan mbili kwa kitu cha nane. Tisa ni shahada iliyopindwa kama ndoana ya kuvulia, na kumi ni ngumi, au vidole viwili vya shahada vilivyopishana msalaba.

Hesabu kubwa zina mtego wake. Wachina huhesabu kwa makundi ya elfu kumi, yanayoitwa "wan". Laki moja kwao ni "wan" kumi, na milioni ni "wan" mia. Mkalimani aliyechoka huteleza hapo kwa sifuri moja, kwa hiyo kiasi kiandikwe kwa tarakimu zote. Mtego wa pili uko kwenye punguzo. Bango lenye namba 8 na herufi inayosomwa "zhe" halisemi kwamba bei imepungua kwa asilimia 80. Linasema mteja analipa sehemu nane za kumi. Namba ikiwa ndogo, punguzo ni kubwa: "zhe" 3 ndiyo ya kukimbilia. Mtego wa tatu ni wa lifti. Ghorofa ya kwanza kwa Mchina ni ile iliyo chini, usawa wa barabara. Duka lililoelekezwa ghorofa ya tatu liko pale sisi tunapopaita ya pili. Majengo mengine hayana ghorofa ya nne kabisa, kwa kuwa nne na kifo hukaribiana kwa sauti. Nane hupendwa, maana huashiria kutajirika.

Jina la ukoo hutangulia. Bwana aliyejitambulisha kama Chen Weiming ni Bwana Chen, na cheo huja nyuma ya jina: "Chen laoban" ni bosi Chen, "Chen jingli" ni meneja Chen. Kadi ya biashara hutolewa na kupokewa kwa mikono miwili, husomwa kidogo, kisha huwekwa mezani au kwenye mfuko wa shati. Kuitia mfuko wa nyuma wa suruali na kuikalia ni utovu wa adabu. Kupeana mikono kunatosha, tena kwa wepesi. Tabia ya pwani ya kuushika mkono wa mwenzio mazungumzo yakiendelea humtia Mchina wasiwasi, na kukumbatiana ndiyo kabisa.

Kwa mtu asiyejulikana jina, Mswahili atajisikia yuko kwao, kwani Wachina nao huitana kwa undugu. Dereva wa teksi au fundi huitwa "shifu", neno linalokaribia sana "fundi" wetu, kwa maana ya mtu aliyebobea kazini. Mwanamke mtu mzima ni "ayi", yaani shangazi au mama mdogo. Hapo pana tofauti: kwetu kumwita mtu "mama" kunampandisha, lakini muuzaji wa miaka 40 aliyejipamba akiitwa "ayi" anaweza kukasirika na bei ikapanda. Guangzhou ina dawa yake. Kila mwanamke sokoni huitwa "leng neui", mrembo, na kila kijana "leng jai", mtanashati, bila kujali sura wala umri, na hakuna anayefikiri vibaya. Neno "xiaojie", linalofundishwa katika vitabu vya zamani kuwa ni "binti", liachwe. Siku hizi katika mazingira mengine lina maana ya aibu.

Sasa ile "sawa". Mchina wa biashara hapendi kumkatalia mtu machoni, kwa sababu kukataa kunamvua mwenzake kile wanachokiita "mianzi", uso, yaani heshima yake mbele za watu. Badala ya hapana hutumia njia za pembeni. "Kaolü kaolü", tutafikiri, mara nyingi ni hapana. "Bu fangbian", haifai kwa sasa, ni hapana iliyofunikwa kitambaa. Ukimya wa siku mbili kwenye WeChat ni hapana pia. "Mei wenti", hakuna tatizo, ina maana kwamba amesikia na anatamani kazi hiyo. Kama kiwanda kinaiweza ni suala jingine. Mswahili hana sababu ya kushangaa sana, kwa kuwa "inshallah" na "njoo kesho" vilizaliwa nyumba hiyohiyo.

Neno la kuogopa zaidi ni "chabuduo", karibu sawa. Katika soko la vitambaa la Zhongda, mnunuzi analaza juu ya meza kipande cha kitambaa cha dera, bluu iliyoiva. Muuzaji anapotea nyuma ya marobota, anarudi na jora lenye bluu iliyopauka kidogo, analiweka kando ya kipande, anainamisha kichwa: "chabuduo". Chini ya taa ya soko rangi hizo zinakaribiana kweli. Juani, Kariakoo, zitakuwa rangi mbili. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la hapa ni sampuli: ikatwe vipande viwili, kila upande usaini na kubaki na kimoja, ipigwe picha kwenye mwanga wa mchana, na picha itumwe WeChat ikiwa na maelezo ya rangi, uzito na idadi. Kwa kawaida kiwanda hutaka malipo ya awali, mara nyingi asilimia 30, na zinazobaki kabla ya mzigo kupakiwa. Ukaguzi ufanyike kabla ya hayo malipo ya pili, maana baada yake mnunuzi hana cha kushikia.

Likitokea kosa, kugomba mbele ya wafanyakazi wa muuzaji hufunga mlango. Aitwe kando, aoneshwe picha, aulizwe "tutafanyaje?". Atatafuta njia, kwa kuwa ameachiwa uso wake.

Kuna jambo moja ambalo Kiswahili na Kichina vimepatana. Mtu akiulizwa "hujapata mzigo?", Mswahili hujibu "ndiyo, sijapata", na Mchina vilevile. Wawili hao wakilazimika kupitia Kiingereza, mmoja akajibu kwa kanuni za Kiingereza na mwingine kwa za kwao, "ndiyo" inageuka hapana. Swali la kukanusha liepukwe kabisa; aulizwe "mzigo umetoka lini?".

Biashara ya Guangzhou hukamilika mezani, na meza yenyewe ni ya chai. Wakantoni huiita "yam cha", kunywa chai, ingawa kinacholiwa ni vitafunio vingi vinavyoletwa kwenye vikapu vya mianzi vyenye mvuke. Mgeni anapoketi huwekewa kikombe, bakuli, vijiti na beseni la kioo katikati. Chai ya kwanza inayomiminwa si ya kunywa. Ni ya kusuuzia: mwenyeji huzungusha kikombe ndani ya bakuli, humwagia vijiti, kisha humwaga maji hayo kwenye beseni. Aliyekwisha kuipiga funda husamehewa kwa kicheko. Chai ya pili ikimiminwa, anayehudumiwa hugonga meza mara mbili tatu kwa ncha za vidole viwili vilivyokunjwa, ishara ya asante isiyokatiza mazungumzo. Hadithi maarufu inaihusisha na mfalme Qianlong aliyetembea mjini kwa kujificha. Alipowamiminia chai watumishi wake, nao wasiweze kusujudu hadharani, wakapigisha vidole magoti. Birika likiisha, kifuniko huegeshwa upande, na mhudumu huja na maji ya moto bila kuitwa.

Vijiti havichomekwi wima kwenye bakuli la wali, kwa kuwa hivyo ndivyo udi unavyochomwa kwa ajili ya wafu. Havigongwi bakulini pia. Hiyo ni ya ombaomba. Anayeshindwa navyo aombe kijiko, "shaozi", wala hatachekwa. Mwenyeji ataagiza chakula kingi kupita kiasi na atalipa yeye. Kuchangiana bili papo hapo ni kumwonesha kwamba hakuaminiwa kuimudu. Mgeni atalipa zamu yake siku nyingine. Bakshishi haitolewi. Samaki mzima akiletwa, upande mmoja ukiisha asipinduliwe: wavuvi wa Guangdong huona kuwa kumpindua samaki ni kupindua mtumbwi, na mvuvi wa Kilwa bila shaka angewaelewa.

Kwa Mwislamu, "nyama" ikitajwa peke yake, yaani "rou", ni ya nguruwe. Haitoshi kuuliza kama kuna nguruwe kwa ishara. Mafuta yake huingia hata kwenye vitumbua na maandazi ya mvuke. Neno la kulitafuta ni "qingzhen", halali, ambalo mara nyingi huandikwa kwenye kibao cha kijani. Migahawa ya tambi za kuvutwa kwa mkono za Lanzhou, inayoendeshwa na Waislamu wa kabila la Hui, ipo karibu kila mtaa. Pombe ikipitishwa na wenyeji wakapaza "ganbei", asiyekunywa hainui glasi tupu. Anainua kikombe na kusema "yi cha dai jiu", chai badala ya pombe. Ni msemo wao wenyewe, na hauna anayeupinga. Glasi yake aishushe kidogo chini ya ile ya mkubwa wake wakati wa kugonganisha.

Zawadi ndogo kutoka nyumbani, kahawa, korosho au kinyago, hupokewa vizuri, kwa mikono miwili, baada ya kukataliwa mara moja au mbili kwa adabu, na kwa kawaida haifunguliwi mbele ya mtoaji. Saa ya ukutani isitolewe, kwa kuwa kumpa mtu saa hutamkwa sawa na kumzika. Mwavuli una sauti ya kutengana. Na kofia ya kijani, ambayo shabiki wa Yanga angeitoa kwa moyo mkunjufu, humtangazia mwanamume kwamba mkewe ana mwingine.

Mgeni mweusi ataangaliwa, hasa nje ya mitaa ya biashara. Wapita njia watampiga picha, baadhi wataomba, wengine hawataomba. Mtoto anaweza kunyoosha mkono kugusa nywele. Ataulizwa umri, mshahara, kama ameoa na kwa nini bado. Maswali hayo kwao ni ya kirafiki, na jibu la mzaha linatosha. Yapo pia yasiyo ya kirafiki: Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi wa Guangzhou walifukuzwa kwenye nyumba na hoteli, hadi mabalozi wa Afrika wakaandika barua ya pamoja ya kulalamika. Anayepatwa na matatizo hutumia 110 kwa polisi, 120 kwa gari la wagonjwa na 119 kwa moto, na namba ya ubalozi wake iwe imeandikwa kwenye karatasi, maana simu huishiwa chaji. Plagi za pini tatu za kwetu haziingii kwenye soketi za China, ingawa umeme ni volti 220, hivyo adapta ibebwe. Siasa, hasa za Taiwan, Tibet na Xinjiang, zisianzishwe na mgeni, na askari wasipigwe picha.

Mjini kwenyewe treni ya metro, iliyoanza mwaka 1997, hufika karibu kila soko. Matangazo yake ni kwa Kimandarini, Kikantoni na Kiingereza. Mizigo hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi kila kituo, hata mfuko wa machungwa. Choo cha umma huwa cha kuchuchumaa na karatasi hubebwa na mwenyewe.

Uhusiano na muuzaji huendelea kwenye simu baada ya ndege kuondoka, na kalenda yake ndiyo ya kufuatwa. Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari. Wafanyakazi hurudi makwao wiki kadhaa, na viwanda hupoa kabla na baada ya sikukuu yenyewe. Mzigo unaotakiwa dukani kabla ya Pasaka uagizwe Novemba na ukaguliwe mapema Desemba. Ukichelewa zaidi, fundi wa cherehani ameshakata tiketi ya kwenda kwao Hunan au Sichuan, na swali la "kontena limefikia wapi?" hujibiwa kwa picha ya bahasha nyekundu ya sikukuu.